Du Bois alimpinga au alimpongeza Washington? Nijibuni kabla ya kesho

Mwalimu_Kijiweni: Wakuu, kuna mtu nimebishana naye. Mimi nasema Du Bois, yule msomi Mweusi wa Marekani, alimpinga kiongozi mwenzake Mweusi, Booker T. Washington, tangu ile hotuba ya Washington kule Atlanta, 1895, ya kuwataka Weusi watangulize kazi za mikono kabla ya kudai haki. Yeye anasema alimpongeza. Nani mkweli?

Baba Tunu: Mwenzako. Du Bois alimwandikia pongezi siku chache tu baada ya hotuba. Ugomvi uliiva 1903 alipomkosoa kitabuni, na 1905 akaitisha kundi la Niagara, la kudai haki za Weusi. Haraka ya nini lakini?

Fundi Mwiko: Mimi ni wa Washington. Kazaliwa mtumwa, pale Tuskegee, chuo alichokiongoza, wanafunzi wakafyatua matofali wenyewe. Matanuri matatu yaliharibika, akaweka rehani saa yake ili wachome la nne. Nimesomesha watoto wanne kwa mwiko huu, na wenye digrii ndio wanaonikopa.

Shangazi Pwani: Watu wananyongwa, wananyang'anywa kura, yeye anawahubiria useremala! Hapana.

Baba Tunu: Shangazi, kwa siri alikuwa akilipia kesi za haki ya kupiga kura huko Alabama. Mleta mada, huyo "mtu" ni nani?

Mwalimu_Kijiweni: Mtu tu.

Shangazi Pwani: Mkeo?

Mwalimu_Kijiweni: Haya. Ni mwanafunzi wangu, kidato cha 5. Nilimpa sifuri, nikasoma jibu lake mbele ya darasa, wakacheka. Lakini swali lilitaka upinzani, nani kamuuliza habari za pongezi? Matokeo yanabandikwa kesho. Nafikiria niache hivyo hivyo, nikibadilisha watanizoea.

Shangazi Pwani: Kwa hiyo umekuja kutafuta wa kukubeba. Mwanangu wa pili aliacha hesabu kwa mwalimu wa namna yako, leo hata chenji ya daladala hahesabu.

Kipanga: Chai hii. Wiki iliyopita huyu huyu alileta uzi wa kuuza mayai. Leo mwalimu wa historia?

Mwalimu_Kijiweni: Mwalimu hafugi? Mshahara wenyewe unaujua?

Kipanga: Weka picha ya hiyo karatasi basi, jina lizibe.

Fundi Mwiko: Trei bado zipo? Bei gani?

Mwalimu_Kijiweni: Zipo, Fundi, nicheki pembeni. Picha siweki, mwandiko wake wenzake wanaujua. Ninayo hapa mezani. Kaandika mpaka tarehe ya barua, 24 Septemba 1895, na hapo ndipo nilipokata kwa peni nyekundu mpaka karatasi ikatoboka.