Runinga zetu ziache kumuuliza mwananchi kama "anaamini" mfumuko wa bei umeshuka

Ndugu wasomaji, nimevumilia kwa muda mrefu, ila taarifa moja ya habari ya mwaka 2024 ilinishinda.

Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya, KNBS, lilitangaza kwamba mfumuko wa bei wa Oktoba 2024 ulikuwa asilimia 2.7. Kituo ninachokitazama kila jioni kilisoma takwimu hiyo kwa sekunde chache, kisha kikatupeleka sokoni, ambako ripota alimkuta mama akipanga mafungu ya sukuma wiki juu ya gunia, akamsogezea kipaza sauti na kumuuliza: "Serikali inasema mfumuko wa bei umeshuka, wewe unaamini?" Mama alijibu bila kusita kwamba bei hazijashuka. Papo hapo chini ya skrini yakapita maandishi kwamba wananchi wapinga takwimu za serikali, na watazamaji wakaombwa watume ujumbe mfupi wa ndiyo au la.

Yule mama hakupinga takwimu yoyote. Mfumuko wa bei ni kasi ambayo bei zinapanda, na kasi hiyo ikipungua, bei kwa jumla huendelea kupanda, ila polepole. Katika mwaka ulioishia Oktoba 2022 zilipanda kwa asilimia 9.6, mwaka uliofuata 6.9, na ule ulioishia Oktoba 2024, 2.7. Ukizijumlisha hatua hizo moja juu ya nyingine, kapu la bidhaa lililogharimu shilingi 1,000 Oktoba 2021 lilifika kama 1,203 Oktoba 2024. Alichosema mama ndicho wanachosema KNBS, lakini ripota amewagombanisha kwa sababu hakujishughulisha kujua maana ya neno alilolisoma.

Mimi nina duka la rejareja, na bei naziandika katika daftari. Pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili ilipita shilingi 200 katikati ya 2022, na mwishoni mwa 2024 nilikuwa naiuza chini ya hapo. Petroli jijini Nairobi ilifika shilingi 217.36 kwa lita Oktoba 2023, nayo ikateremka hadi 180.66 Oktoba 2024. Dola iliyopita shilingi 160 Januari 2024 ilikuwa karibu na 129 mwishoni mwa mwaka huo. Hata hivyo nauli ya matatu kutoka kwetu hadi mjini ilibaki ileile iliyopandishwa mafuta yalipokuwa ghali. Ripota angemuuliza mwenye matatu kwa nini nauli haijarudi, tungepata habari yenye maana.

Tena kuna jambo ambalo halikutajwa hata kidogo, nalo ni makato ya mshahara. Mtu anayelipwa shilingi 50,000 alikuwa akikatwa 200 za NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, kabla ya viwango vipya kuanza mwaka 2023. Mwaka 2024 alikatwa 2,160. Ongeza shilingi 750 za ushuru wa nyumba za bei nafuu, na 1,375 za SHIF, mfuko wa bima ya afya ulioanza Oktoba 2024, badala ya 1,200 alizokuwa akitoa NHIF, bima ya afya ya awali. Makato haya hayamo katika kapu la bidhaa na huduma ambalo KNBS hupima bei zake, kwa kuwa si bei ya bidhaa. Ndiyo maana mfumuko unaweza kupungua kweli na mtu huyo akabaki na mfuko mwepesi kuliko jana, na wateja wangu wanaonunua sukari ya kupima badala ya pakiti hawadanganyi wala hawajapotoshwa na mtu.

Sisemi maoni ya wananchi yasitangazwe. Yatangazwe kama maoni, yatujulishe watu wanahisi nini na kwa sababu gani, lakini ujumbe mfupi wa ndiyo au la hauwezi kupima bei ya unga. Kinachoniuma zaidi ni kwamba ujinga huu unawafaa wakubwa: kiongozi anaposimama jukwaani kusema gharama ya maisha imeshuka, huku takwimu ikionyesha tu kwamba inapanda polepole, hakuna ripota anayemsahihisha, kwa kuwa ripota mwenyewe haoni tofauti.

Nimekiandikia kituo hicho mara mbili na sijajibiwa. Ikiwa humu yupo mhariri wa habari, naomba aeleze: yale maandishi ya "wananchi wapinga" huidhinishwa na nani, na je, kabla ya kuyaidhinisha huwa ameisoma ripoti yenyewe ya KNBS?