Tupeane uzoefu: kujifunza kupambana chini na kufunga viungo kwa ajili ya kujilinda

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, salaam nyingi. Ningependa tupeane uzoefu juu ya mafunzo ya kupambana chini na kufunga viungo, yaani kukipinda kiungo kama kiwiko au bega mpaka mpinzani akubali kushindwa, iwe ni jujitsu ya Kibrazili, judo, sambo (mieleka ya Kirusi) au mieleka mingineyo, hasa kwa wale tulioanza si kwa kutafuta medali bali kwa nia ya kujilinda. Kila anayechangia aeleze ni mbinu ipi ameiona ikisimama mbele ya mtu anayepinga kwa nguvu zake zote, na ni ipi inayopendeza kwenye mkeka tu.

Mimi nafungua. Nimo katika jujitsu kwa miaka kadhaa sasa, na kama wengi nilivutwa na habari za Royce Gracie, mpiganaji wa jujitsu ya Kibrazili, ambaye tarehe 12 Novemba 1993, huko Denver, Marekani, aliwashinda wapinzani watatu usiku mmoja katika shindano la kwanza la UFC, mashindano ya kupigana yanayochanganya mitindo mbalimbali, ilhali hakuwa na umbo la kumtisha mtu. Watu husimulia usiku ule kana kwamba alikuwa akivunja mikono ya watu. Ukweli ni kwamba hakuna hata ushindi mmoja kati ya ile mitatu uliotokana na kufunga kiungo: mpinzani wa kwanza alisalimu amri baada ya kuangushwa na kukaliwa, na wawili waliofuata walikabwa shingo. Kilichomfikisha hapo ni mahali alipokuwa ameuweka mwili wake, na mwalimu wangu hufundisha kwa mpangilio huohuo, yaani kumdhibiti mtu kwanza, kufunga baadaye, tena ikibidi.

Mfano mzuri ni kule kumfunga mtu kiwiko ukiwa umelala chali ubavuni pake, mkono wake ukiwa katikati ya mapaja yako. Anayeanza huukumbatia mkono na kuuvuta kwa pupa, na mwenzake huinuka tu akauchomoa. Aliyekwisha kuelewa huyabana magoti yake, huvuta visigino karibu na makalio, huhakikisha bega la mwenzake limekaa karibu kabisa na kinena chake na kidole gumba kimeelekea juu, ndipo anaponyanyua nyonga taratibu. Kazi yote imekwisha fanyika kabla ya nyonga kunyanyuka. Binafsi naamini mbinu niliyo na uhakika nayo nje ya ukumbi si hii, bali ni kutoka chini ya mtu aliyenikalia kifuani: kuunasa mkono wake, kuuzuia mguu wa upande huohuo usitoke nje, kisha kuinua nyonga kwa nguvu na kumpindua kupitia bega. Haina mvuto wowote, lakini nimeifanya kwa watu wazito kuliko mimi na ikakubali.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante kwa mada, ndugu. Kazi yangu ni ya kuwahudumia wagonjwa wa akili, na wapo wanaofikia hali ya kurusha ngumi bila ya wao kujua wanachofanya. Huko nimejifunza jambo ambalo wakufunzi wengi hawalisemi: mbinu inayotegemea maumivu inashindwa kwa mtu asiyeyasikia. Aliyelewa sana, aliyetumia dawa za kulevya au aliyepandwa na ghadhabu anaweza kuukunjakunja mkono uliomfunga kifundo kana kwamba hujamgusa, na akikusikia unamwonya ndiyo kwanza anaongeza nguvu. Kinachosaidia ni kumzuia asiweze kusogea, na hilo halihitaji kumuumiza: unauweka uzito wako juu ya nyonga zake, unamdhibiti mkono mmoja kwa mikono yako miwili, na unasubiri wenzako wafike.

Naomba niongeze tahadhari moja kwa msisitizo. Msimlaze mtu kifudifudi kisha mkamkandamiza mgongoni kwa muda. Kifua kikikosa nafasi ya kutanuka, mtu hushindwa kupumua, na anapohangaika kutafuta pumzi, aliye juu hudhani bado anapigana, naye huzidi kukandamiza. Watu wamefariki katika hali hiyo. Mara akitulia, mgeuzeni ubavu au mkalisheni.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni mwanamke mwenye mwili mdogo, na nilianza baada ya kuona kwamba mafunzo ya jioni moja, yale ya kufundishwa kumpiga mtu kisukusuku na kumkanyaga mguu, hayakunipa kitu cha kushika. Nilichokuja kukithamini ni kufanya mazoezi na mtu ambaye kweli hataki uondoke. Kuna hofu fulani inayokuja pale mwanamume mzito anapokulalia, pumzi inakatika na akili inaganda. Hofu hiyo haiondoki kwa kuelezwa, inaondoka kwa kuizoea. Siku hizi nikilaliwa, kitu cha kwanza ninachofanya ni kugeuka ubavu, kuweka mkono mmoja kwenye nyonga yake na kujisogeza nyuma kwa nyonga zangu mpaka goti langu lipate upenyo wa kuingia kati yetu. Goti likishaingia, mazungumzo yanabadilika.

Hata hivyo, nawaomba msituuzie ndoto kwamba ufundi hufuta uzito. Mnamo mwaka 1951, katika uwanja wa Maracanã jijini Rio de Janeiro, Helio Gracie, baba yake Royce na mmoja wa waasisi wa jujitsu ya Kibrazili, aliyekuwa mwepesi, alipambana na mwanajudo Masahiko Kimura, aliyekuwa mzito na mwenye nguvu kupita kiasi. Wote walikuwa mafundi. Kimura alimfunga bega kwa kuupinda mkono wake nyuma, mkono ukavunjika, Helio akakataa kusalimu amri, na kaka yake Carlos ndiye aliyesimamisha pambano. Kufunga kule tunakuita kimura hadi leo. Watu hulisimulia kama kisa cha ushujaa, mimi hulisoma kama somo la uzito: mafundi wawili wakikutana, kilo zinahesabika.

Kwa mtu wa umbo langu, kabali ya kutokea nyuma ina manufaa kuliko kufunga kiungo chochote. Ikikaa sawasawa, kiwiko kikiwa usawa wa kidevu chake, mishipa ya damu ya pande zote mbili za shingo hubanwa na mtu hupoteza fahamu katika muda wa takriban sekunde 10, awe na misuli ya namna gani. Kwa sababu hiyohiyo inatakiwa iachiwe mara tu analegea. Kuendelea kukaba baada ya hapo si kujilinda tena, na sheria haitakutazama kama uliyeshambuliwa.

Mchangiaji wa tatu

Kwa heshima zote, mimi naona mnapamba sana. Kwenye mkeka hakuna mawe, hakuna kisu, na hakuna rafiki wa mshambuliaji anayekuja kukupiga teke la kichwa wakati wewe umejifunga kwenye mkono wa mwenzake. Nendeni chini mkilazimishwa tu.

Mchangiaji wa nne

Mkuu hapo juu, ninakuunga mkono kwa sehemu kubwa, lakini mtu aliyelazimishwa kwenda chini ndiye anayehitaji kujua afanye nini akifika huko. Mimi natoka kwenye judo, mchezo ulioasisiwa na Jigoro Kano mwaka 1882, na kitu ambacho kimeniokoa mara nyingi zaidi katika maisha ya kawaida ni kujua kuanguka: kidevu kifuani, mikono kupiga chini kwa pembe, kichwa kisiguse ardhi. Nimeteleza kwenye ngazi zenye maji na nikainuka mzima.

Cha pili ni kwamba wanajudo wengi hupenda kumpiga mtu mweleka wao wakabaki wamesimama, na kwa kujilinda hilo ni jambo jema. Kuhusu kufunga viungo, kanuni za mashindano yetu huruhusu kiwiko peke yake, wakati sambo inaruhusu hata miguu. Wapo wanaotucheka kwa hilo. Mimi sioni hasara, kwani mtu mwenye mbinu moja ya kufunga kiwiko anayoifahamu vizuri humshinda mwenye orodha ndefu asiyoweza kuitumia akiwa ameshikwa.

Mchangiaji wa tano

Nachangia kwa upande wa majeraha, maana ninafanya kazi ya tiba ya viungo. Kufunga mguu kwa kuupinda kisigino ndiko kunakoniletea kesi mbaya zaidi, kwa sababu kano za goti hukatika kabla maumivu hayajatoa onyo la kutosha. Gongeni mapema, yaani mpige mwenzako au mkeka kwa kiganja kuashiria umekubali kushindwa, na anayefunga aachie papo hapo. Ukucha mrefu, mkeka usiosafishwa na mba wa ngozi unaofichwa ni mambo madogo yanayofunga kumbi nzima.

Mwanzisha mada

Nawashukuru nyote. Ndugu wa tatu, hoja yako imenifanya niulize: je, kuna anayefanya mazoezi ya kuinuka tu, bila kutafuta kushinda?

Mchangiaji wa nne

Sisi tunafanya. Mmoja anaanza akiwa chini, mwenzake yuko juu yake, na wa tatu anakuja akitembea kutoka mwisho wa ukumbi. Aliye chini hafungi wala hakabi, anatakiwa awe amesimama kabla wa tatu hajamfikia. Unaketi, unaweka mkono mmoja nyuma na mwingine mbele ya uso, unaupitisha mguu wa upande wa mkono ulio nyuma chini ya nyonga, na unainuka huku ukirudi nyuma bila kumpa mtu kisogo. Anayetafuta mahali pa kujifunza na aulize kama wana zoezi la namna hiyo, na kama wanafunzi wapya huruhusiwa kupambana na mtu anayewapinga kweli. Wakikujibu kwamba mbinu zao ni hatari mno kufanyiwa mazoezi ya namna hiyo, tafuta kwingine.