Punda kazaa alfajiri, kwato za mtoto zina manyamanyama. Ni kilema?

Mama Neema:
Wafugaji wenzangu, habari za asubuhi. Punda wetu, tuliyemhesabia siku mpaka tukachoka, leo kazaa kwenye siku ya 381, peke yake gizani. Saa 11 alfajiri naingia bandani, namkuta mtoto kashasimama, miguu kaitanua kama meza mbovu, masikio yamelowa yamelala. Jike. Nimelia, msinicheke.

Sasa, chini ya kila kwato kuna vitu laini vyeupe, kama vidole vya uyoga uliolowa. Baba Neema anasema ni kilema, anataka kuvikata. Halafu mtoto haoni ziwa. Ananyonya ukuta, ananyonya goti la mama yake. Akikaribia kiwele, mama anageuka kumnusa. Zalio limetoka, nimeliweka kwenye ndoo. Sasa hivi ni saa 1 kasorobo, na wanangu wako mlangoni wanataka kumkumbatia. Nianze na lipi?

Mzee wa Zizi:
Hongera sana mama! Baba Neema arudishe kisu jikoni. Wote huzaliwa hivyo, ili kwato zisimchane mama tumboni. Akitembeatembea hivyo vitu laini vitasagika vyenyewe.

Mimi naogopea ziwa. Ndani ya saa 2 tangu azaliwe alitakiwa awe kanyonya, na huyo zimeshampita. Hana kinga nyingine ila dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, na utumbo wake huipokea vizuri saa za mwanzo tu. Baba Neema amshike mama hatamu, ubavu mmoja uelekee ukutani asizunguke. Wewe msukume mtoto matakoni, polepole. Usimvute kichwa, atakataa tu. Kamua matone mawili, mpake mdomoni. Ikifika saa 2 asubuhi bado, mpigie daktari wa mifugo. Na msimnyweshe kwa nguvu, maziwa yataingia mapafuni.

Binti Mfugaji:
Ndoo usiimwage kwanza. Litandaze zalio chini: lina umbo la suruali. Tundu liwe moja, pale mtoto alipotokea. Ukiona ncha ya mguu mmoja wa suruali haipo, kipande kimebaki ndani, na hilo ni la daktari leo leo.

Kitovu kichovye kwenye kikombe kidogo chenye iodini, usikifunge kamba. Na kama mna dume, mtengeni. Si wote wabaya, ila mimi siwaamini.

Mama Neema:
KANYONYA! Saa 1 na dakika 20. Ilikuwa kama alivyosema mzee: kumshika kichwa akawa anarudi nyuma, kumsukuma matakoni akaingia mwenyewe. Kamkia kakawa kanapigapiga, nikasikia na maziwa yakishuka kooni. Suruali ni nzima, miguu yote miwili. Kitovu tayari. Dume yuko ng'ambo ya uzio, analia kama kaibiwa.

Kinyesi bado. Na mawingu yametanda, nimtoe aote jua kidogo kabla mvua haijaanza?

Mzee wa Zizi:
Usithubutu. Manyoya ya punda hayazuii maji, sembuse ya mtoto. Mbakize ndani pakavu. Kinyesi cha kwanza ni cheusi, kinanata kama lami; mpe mpaka jioni, ila akijikamua mkia juu na hakitoki, piga simu. Watoto waingie mmojammoja, wakae chini, mtoto wa punda awafuate mwenyewe.

Mama Neema:
Wameshakaa. Wanagombania jina.