Mrejesho: bafle ya Fender Bandmaster ya zamani

Wandugu, niliuliza ni bafle (sanduku la spika) gani inafaa ampli yangu ya gita, ya lampu: kichwa, yaani ampli isiyo na spika ndani, cha Fender Bandmaster cha miaka ya 1960, wati 40, kinachotaka spika za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Aksanti sana kwa wote mlionijibu.

Nilifuata shauri la mzee wa Bukavu: spika mbili za inchi 12, omu 8 kila moja, zifungwe sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) ndipo jumla iwe omu 4. Seremala wa hapa Lubumbashi, kule Kamalondo, alitengeneza sanduku la tripleksi (mbao nyembamba zilizogandishwa kwa tabaka). Mbao za unga wa kubanwa nilizikataa, rahisi lakini zinamomonyoka kwenye skrubu. Sauti imetoka safi, hata tukiingia sebene, ile sehemu ya magita ya kuchezesha watu, haikwaruzi.

Kufunga mgongo wote wa sanduku, kama wengine mlivyosisitiza, kwangu hakukufaa. Ukumbi wetu ni mdogo, mvumo ukamfunika mpiga besi (naye si mtu wa kunyamaza!). Tulikata mgongo ukabaki nusu wazi, na sasa gita la solo linasikika hadi pembeni.

Bado kuna kitu kinatetemeka nikipiga noti ya sol ya chini. Nashuku ubao uleule tuliokata. Nitaubana kwa skrubu zaidi. Kubeba ni kazi ya watu wawili.