Casella apigwe au afungiwe kabatini?

Fundi Noti: Wakuu, naomba busara zenu. Mwanafunzi wangu wa piano nimempa *Pezzi infantili* za mtunzi Mwitaliano Alfredo Casella, vipande 11 vya watoto vya mwaka 1920. Baba yake kanirudishia kitabu: ati huyu ndiye aliyemtungia Mussolini opera ya kusifia uvamizi wa Ethiopia. Ni kweli, *Il deserto tentato*, Florence, 1937. Lakini mtoto ana miaka tisa na vipande vyenyewe vitamu. Nifanyeje?

MtiMkavu: Baba mtu yuko sahihi. Ndege za Italia zimemwaga gesi ya sumu juu ya watu, halafu fundi wenu anapanda jukwaani na marubani wanaotua "jangwani", kana kwamba pale hapakuwa na mtu. Jangwa gani? Alifika Gondar, mji wa Ethiopia, huyo?

Binti Kinanda: Kaka, mchimba kisima huingia mwenyewe. Sheria za ubaguzi za 1938 zilibisha hodi nyumbani kwake, maana mkewe Yvonne alikuwa Myahudi.

MtiMkavu: Waethiopia nao walikuwa na wake, dada.

Mzee wa Solfa: Punguzeni jazba. Casella kafundisha piano Roma tangu 1915, Nino Rota, mtunzi wa muziki wa filamu, kapita mikononi mwake. Na ile wiki ya muziki wa mtunzi Vivaldi kule Siena, Italia, 1936 kama sikosei, ni kazi yake. Hata nyie wanakwaya mnaobwata Gloria ya Vivaldi, iliyofufuliwa hapo, kila Krismasi kwa Kilatini msichokielewa, jasho la Casella mnalila.

Besi la Parokia: Msichokielewa? Mzee wangu, nimeimba besi miaka 14. "Et in terra pax", na duniani amani. Haya, tafsiri wewe "propter magnam gloriam" tukuone.

Mzee wa Solfa: Maana unaijua, kutamka je? "Excelsis" mnasema "ekselsis". Padri wa Roma akisikia anazimia.

Binti Kinanda: Ni "ekshelsis" jamani.

Besi la Parokia: "Ekchelsis". Ndivyo tulivyofundishwa seminari. Na Siena ni 1939. Asiyejua mwaka asitufundishe Kilatini.

MtiMkavu: Ethiopia mmeiacha njiani, mnagombea "che" na "she"!

Mzee wa Solfa: Wewe unayemkataa Casella, Gloria nayo unaikataa? Noti zilizoimbwa Siena aliziandaa yeye.

MtiMkavu: Gloria ni ya Vivaldi. Aliyeipangusa vumbi nguo hakuishona.

Binti Kinanda: Hapo umesema. Ila bila wa kupangusa ungeijulia wapi?

MtiMkavu: Ningeishi bila kuijua. Mbona bibi yangu aliishi.

Fundi Noti: Somo ni Alhamisi saa kumi, jamani.

Besi la Parokia: Mpe Bartók, mtunzi wa Hungary. Vipande vya watoto anavyo tele, na mafashisti aliwakimbia hadi Marekani. Mzee, "gratias" unaitamkaje? Nakusubiri.