Mdogo wangu anajinyima chakula kabla ya kwanjula: je, madhara yake hubaki mwilini?

Mkaazi wa Jinja (mwanzisha uzi)
Ndugu zangu, naomba ushauri. Mdogo wangu anayeishi Kampala anajiandaa kwa kwanjula yake (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi), na kwa miezi mitatu sasa asubuhi anakunywa maji ya limau, mchana anakula matango, na jioni yai moja la kuchemsha. Amepungua sana na kila mtu anamsifu. Hata hivyo, nilipomtembelea nilimwona akishika ukuta kila alipoinuka kitini, na kitana chake kilikuwa kimejaa nywele. Mama anasema kwamba sherehe ikiisha atakula na mwili utarudi wenyewe. Je, ni kweli?

Muuguzi wa Arua
Pole, dada. Nywele hukatika miezi miwili au mitatu baada ya mwili kupata mshtuko wa njaa, na kwa kawaida huota tena lishe ikirejea, kwa hiyo katika hilo mama yuko sahihi. Ninachokihofia zaidi ni kifuko cha nyongo. Mtu anapopungua haraka, hasa akipoteza zaidi ya kilo 1.5 kwa wiki, ini humwaga kolesteroli nyingi katika nyongo. Na kwa kuwa hali mafuta, kifuko hakisukumwi kujimwaga, basi nyongo hutuama humo na kuganda kuwa mawe. Jiwe linaweza kukaa kimya muda mrefu, kisha likaleta maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya mlo wenye mafuta, na wengine huishia kufanyiwa upasuaji.

Muulize pia kuhusu hedhi. Ikiwa imekatika, homoni zinazolinda mifupa zimeshuka, na mfupa uliopotea si lazima urudi wote.

Mwalimu wa Kasese
Naongeza jambo la uzito wenyewe. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapima watu 14 waliokuwa wameshiriki mashindano ya televisheni ya kupunguza uzito. Miaka sita baada ya mashindano, wengi wao walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito, ilhali miili yao ilichoma takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao. Walifanya mazoezi mengi pia, kwa hiyo hawafanani na mdogo wako kwa kila kitu, lakini inaonyesha kwamba mwili unaweza kubana matumizi kwa miaka.

Mkaazi wa Ntinda
Tusimtishe mno. Katika utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2017, wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili walikula takriban kalori 850 kwa siku kwa miezi kadhaa, na karibu nusu yao walipona kiasi cha kuishi bila dawa.

Muuguzi wa Arua
Ni kweli, ndugu yangu, lakini wale walipewa mlo maalumu wenye protini, vitamini na madini, wakafuatiliwa na wahudumu wa afya, kisha chakula cha kawaida kikarudishwa hatua kwa hatua. Matango na yai moja havina protini ya kutosha, hivyo mwili unakula misuli yake.

Dada, mpeleke kwenye kituo cha afya cha daraja la nne au hospitali apimwe shinikizo la damu, wingi wa damu na potasiamu, kwa maana potasiamu ikishuka mapigo ya moyo huvurugika. Msimngojee aanze kula sana siku ya sherehe, kwa sababu mwili uliokaa na njaa ukipewa wanga mwingi ghafla, madini ya damu yanaweza kushuka kwa hatari. Baada ya vipimo, aanze kidogo kidogo kwa maharage, mukene (dagaa) na dodo (mchicha), matoke yawe machache, na apungue nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki.

Mkaazi wa Jinja
Asanteni sana. Nimwambieje bila kumuudhi?

Muuguzi wa Arua
Usiutaje uzito kabisa. Mwambie ulimwona akishika ukuta, na kwamba utamsindikiza mwenyewe kupimwa Jumatatu.