Naomba ushauri: mafunzo ya CPR (kubonyeza kifua na kumpulizia pumzi mtu ambaye moyo wake umesimama) yana faida gani kwa mtu asiye daktari?

Kusi_Kaskazi: Salaam wakuu. Kazini tumeambiwa kila mmoja apeleke cheti cha huduma ya kwanza kabla mwezi haujaisha. Mafunzo ni siku mbili, na kwangu siku mbili bila kazi ni hela. Halafu navyojua mimi, kubonyeza kifua cha mtu ni kazi ya daktari. Ukimvunja mbavu akafa, kesi ni yako. Sasa nikajifunze kitu nisichoruhusiwa kukifanya? Nina haraka na jibu.

Mama_Pili: Mwanangu nenda. Marehemu mume wangu alianguka shambani, tukamkuta anakoroma, kapumzi kamoja, kimya, kapumzi kengine. Tukashukuru Mungu kwamba anapumua, tukamlaza mkekani tukamfunika kanga tusubiri gari. Miaka mingi baadaye binti yangu alikwenda mafunzo ya Msalaba Mwekundu, akarudi analia. Akaniambia, mama, kule kukoroma hakukuwa kupumua.

Bwana_Mihogo: Pole mama. Mimi kinachonishinda ni hiyo habari ya mdomo kwa mdomo. Mzee wa ugoro akianguka mbele yangu, nitamwombea dua tu.

Nesi_wa_Zamu: Bwana Mihogo, mtu mzima aliyeanguka ghafla unaweza kumbonyeza kifua tu, bila kugusa mdomo. Chama cha Moyo cha Marekani kilishatoa maelekezo hayo kwa wasiosomea tangu 2008. Katikati ya kifua, mikono miwili, ushuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kabla ya hapo mtume mtu apige simu, mwingine akatafute gari. Usihangaike kutafuta mapigo ya moyo, hata sisi tunayakosa. Haitikii, na hapumui kama kawaida? Anza.

Kusi, mbavu zinavunjika kweli, na zinaunga. Mtu ambaye moyo wake umesimama huna namna ya kumzidishia kifo. Ila hujasema unafanya kazi gani, na jina lako ni la mtu wa bahari.

Kusi_Kaskazi: Naendesha boti, nabeba watu kwenda visiwani. Lakini baharini tuna utaratibu wetu tuliorithi kwa wazee: aliyezama unamshika miguu, kichwa chini, maji yatoke. Na hata hivyo kuna mtu anatoa cheti bila kuhudhuria, nimeshampa nusu ya hela. Nikiacha sasa nimeitupa. Nilitaka kujua tu kama kuna ubaya.

Nesi_wa_Zamu: Ubaya upo mkubwa. Kumning'iniza mtu hakumsaidii. Unapoteza dakika, na matapishi yanaingia kwenye mapafu. Aliyezama amekosa hewa, kwa hiyo yeye ndiye hasa anayehitaji pumzi: unaanza na pumzi, kisha mibonyezo 30, pumzi 2, mibonyezo 30, hivyo hivyo bila kuchoka. Kukadiria ule uzito wa mkono hutaweza kwa kusoma hapa, lazima ubonyeze lile sanamu la mtu la mafunzoni mpaka jasho likutoke.

Mzee_wa_Baraza: Cheti cha kununua ni uongo uliopigwa muhuri. Unabeba watoto wa watu, kijana. Mcheni Mungu.

Mpekuzi_01: Wakuu, hii chai. Hakuna nahodha hapa. Angalieni alivyoingiza habari ya "kuna mtu anatoa cheti bila kuhudhuria". Kesho atawafuata inbox kuwauzia. Uzi wa biashara huu.

Bwana_Mihogo: Kumbe! Na mimi nilishaanza kumhurumia.

Mama_Pili: Kama umetunga, mwanangu, umenitonesha kidonda bure.

Kusi_Kaskazi: Sijatunga, mama. Niwieni radhi, nilipaswa kuanzia hapa.

Sikukuu iliyopita tulimtoa kijana kwenye maji, mkondo ulikuwa mkali. Nikamshika miguu mimi na msaidizi wangu. Alikuwemo dada mmoja abiria, akasema mlazeni chini nimfanyie, nimejifunza kazini. Nikamuuliza wewe daktari? Akasema hapana. Nikamwambia usimguse, asije akakufia mikononi. Akarudi tena, nikamsukuma. Akakaa pembeni ya boti analia mpaka tunafika gati. Kijana hakuamka.

Siku mbili za mafunzo sizikimbii kwa sababu ya hela. Naogopa kukaa mbele ya mwalimu nikaambiwa yule dada alikuwa sahihi. Na nimeshaambiwa hapa.

Mpekuzi_01: Nimekosea, kaka. Samahani.

Nesi_wa_Zamu: Kusi, hata angebonyezwa, wengi hawarudi, na wanaorudi hawaamki palepale wakaomba maji. Hakuna wa kukuambia kwa hakika kwamba kijana angepona. Alikaa chini ya maji muda gani kabla hamjamtoa?

Kusi_Kaskazi: Sijui. Sikuangalia saa.

Mama_Pili: Na huyo wa cheti?

Kusi_Kaskazi: Nimemwandikia asiendelee, hela abaki nayo. Mafunzo yanaanza Jumatatu, boti nimemwachia mwenzangu.

Namba ya yule dada ninayo, ipo kwenye daftari la abiria. Nimeiandika kwenye simu mara tatu, sijapiga.